Mkono Ukiwa Kwenye Hogo: Kazi ya Mpiga Gitaa Asiyeweza Kupiga

Somo hili ni la mpiga gitaa aliyeumia mkono: amevunjika kifundo, amekatika kano, au ameuchosha kwa mazoezi mpaka unauma hata akifungua kizibo cha soda. Kifundo kilichovunjika hukaa kwenye plasta, ile tunayoiita hogo, wiki 6 hivi. Kidole huchukua wiki 3 hadi 6. Kano iliyoshonwa husubiri hadi miezi 3 hivi kabla ya kuruhusiwa kubeba nguvu. Muda huo unatosha kutengeneza sikio, na kwa wapiga gitaa wengi sikio ndilo lenye pengo. Mtu anacharaza solo ya dakika 5, ukimwambia aiimbe anashindwa. Ukimuuliza ameanzia noti gani, anatazama freti. Vidole vimekuwa vikimbebea kazi ya kichwa. Sasa vimenyamaza, tuanze.

Hatua ya 1: jua umekatazwa nini hasa

Usitoke kwa daktari na neno "pumzika" peke yake. Uliza mambo matatu: kidole kipi kisisogezwe kabisa, kipi kinaruhusiwa, na mkono unaweza kubeba uzito kiasi gani. Majibu hayo ndiyo yatakayokuambia ni hatua zipi za chini zinakuhusu.

Vidole vya mkono uliofungwa vikivimba, vikibadilika rangi, vikifa ganzi, au maumivu yakizidi hata ukiuinua mkono, rudi hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane. Hogo linalobana huzuia damu, na misuli haivumilii saa nyingi bila damu.

Hatua ya 2: imba, kisha andika

Chagua wimbo mmoja wa dansi wenye magitaa matatu na besi. Siku ya kwanza fuata besi tu, toka mwanzo mpaka mwisho, ukiiimba kwa mdomo uliofumba. Siku ya pili rithimu, ya tatu sekondi solo (gitaa lililo kati ya rithimu na solo), na solo iwe ya mwisho. Wengi huanza na solo kwa kuwa ndiyo tamu, ndiyo maana hawafiki popote: hawajui kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) iliyo chini yake, kwa hiyo kila noti inakuwa ya kubahatisha. Besi ndiyo inayokuonyesha kodi imehamia wapi. Ukisikilizia YouTube, punguza kasi hadi 0.75. Kwenye 0.5 sauti huanza kuchuja, itumie kwa mstari mmoja unaokushinda tu.

Ukishaweza kuimba, andika kwa solfa: d r m f s l t. Hizi ndizo nota zinazotumiwa na kwaya zetu makanisani, na mwanakwaya yeyote anayezijua atakuelekeza misingi kwa mchana mmoja. Nukta mbili hutenganisha pigo na pigo. Nukta moja hugawa pigo katikati. Kistari hurefusha noti iliyotangulia. Kwa hiyo ":d.r :m :-" ni mapigo matatu: la kwanza lina d na r, la pili m, la tatu unaishikilia m hiyohiyo.

Makosa hutokea kwenye kutafuta d. Watu huchukua noti ya kwanza ya solo na kuiita d, wakati solo nyingi huanzia m au s. Zima wimbo katikati, kisha imba noti ambayo ungeridhika wimbo umalizikie hapo. Hiyo ndiyo d. Kwa wimbo wa huzuni wa kodi ndogo, noti hiyo ya kumalizia iite l, na mengine yatajipanga yenyewe.

Vipimo 4 (vile vipande vya wimbo vyenye idadi sawa ya mapigo) kwa siku vinatosha. Ukiandika 20 kwa siku moja, kesho yake huwezi kuimba hata kimoja bila kutazama karatasi.

Hatua ya 3: mguu na kiganja

Hapa ndipo ningependa utumie muda mrefu kuliko pote. Rumba husimama juu ya klave, mdundo wa mapigo matano unaorudiwa wimbo mzima, na mpiga rithimu asiyekuwa nayo mwilini hupiga kodi sahihi mahali pasipo sahihi.

Hesabu 1 hadi 16 kwa mwendo ulio sawa. Mguu ugonge 1, 5, 9 na 13. Kiganja cha mkono usioumia kigonge paja kwenye 1, 4, 7, 11 na 13. Anza mguu ukienda mara 60 kwa dakika, na ukitulia panda polepole hadi 100.

Angalia mahusiano, kwa sababu hayo ndiyo yanayoshikika, si namba. Pigo la 1 na la 13 huanguka pamoja na mguu. La 4 hutangulia mguu wa pili kwa hesabu moja tu. La 7 liko katikati kabisa ya mguu wa pili na wa tatu. La 11 liko katikati kabisa ya mguu wa tatu na wa nne. Kosa la kila mtu ni kuvuta pigo la 11 likaangukia 9, pamoja na mguu. Likianguka hapo klave imekufa na imebaki kuwa makofi ya sherehe. Ukiona hivyo, punguza mwendo hadi 50 na utamke "tisa" kwa sauti bila kupiga chochote kwa mkono.

Kisha imba besi ya ule wimbo wa hatua ya 2 juu ya klave hiyo, dakika 3 bila kukatika. Ni kigumu. Wiki nzima ikiishia hapa, haijapotea.

Hatua ya 4: kinanda cha mkono mmoja

Kinanda kidogo au programu ya kinanda kwenye simu inatosha. Usijifunze nyimbo, jifunze kuhama kodi kwa njia fupi. Piga d m s. Kwenda kodi ya nne (inayojengwa juu ya f), acha d ilipo, sogeza nyingine mbili upate d f l. Kwenda kodi ya tano (juu ya s), shusha zote upate t r s, kisha rudi d m s. Mkono haukuruka hata mara moja. Sekondi solo nzuri hufanya jambo hilihili kwenye shingo ya gitaa, na kwenye kinanda unaliona kwa macho. Fanya kwenye C, halafu G, halafu F.

Hatua ya 5: mkono mzima juu ya gitaa

Kama aliyeumia ni wa kubonyeza, laza gitaa mezani juu ya taulo, ili mkono mgonjwa usishike hata shingo. Mwombe mtu alegeze nyuzi tatu: ya 6 kutoka E hadi D, ya 5 kutoka A hadi G, ya 1 kutoka E hadi D. Sasa nyuzi wazi ni kodi ya G, na mkono wa kupiga una kazi ya kweli: gumba kwenye besi, shahada, kati na cha pete juu. Zinapigwa kwa mwendo wa klave uliyoijua tayari. Hazilegezwi zaidi ya hapo, na hakuna uzi unaokazwa kupita kawaida yake, kwa hiyo hazikatiki.

Kama aliyeumia ni wa kupiga, unaweza kugongea na kung'oa nyuzi kwa mkono wa kubonyeza kwenye gitaa la umeme. Dakika 10, basi. Mkono huo sasa unatoa sauti peke yake na huchoka haraka.

Walioumia kwa kuchosha kano waruke hatua hii. Mkono wa pili umefanya mazoezi yaleyale kwa saa zilezile, mara nyingi nao uko njiani.

Hatua ya 6: kupiga kichwani

Mwaka 1995 mtafiti wa ubongo Alvaro Pascual-Leone na wenzake walichapisha jaribio la watu waliojifunza zoezi la vidole 5 kwenye kinanda kwa siku 5. Kundi lililofikiria tu bila kubonyeza lilipiga hatua, ingawa si sawa na lililobonyeza. Kilipoongezwa kipindi kimoja cha kubonyeza kweli, likalifikia. Kwa hiyo fikra haichukui nafasi ya mkono, ila huutengenezea njia ya kurudi.

Fumba macho, chukua vipimo 4, taja kila uzi na freti. Kodi ya C: uzi wa 5 freti 3, wa 4 freti 2, wa 3 wazi, wa 2 freti 1, wa 1 wazi. Dakika 5, mara 3 kwa siku. Vidole vitulie kabisa. Ukiona vinacheza chini ya bandeji, acha, unaivuta kano ileile unayoiponya. Pale unapokwama kichwani ndipo ulipokuwa ukikosea hata ulipokuwa mzima.

Hatua ya 7: gitaa lenyewe, na siku ya kurudi

Pwani hewa ina chumvi na unyevu. Pangusa nyuzi kwa kitambaa kikavu, weka gitaa kwenye boksi lake pamoja na vile vifuko vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Lisiegemee ukuta.

Ukiruhusiwa kupiga, shusha tyuni nzima kwa freti 2 na ufunge kapo (kibanio kinachobana nyuzi zote shingoni) kwenye freti ya 2. Sauti inabaki ya kawaida, lakini mkazo wa nyuzi umepungua kwa asilimia 20 hivi na freti ziko karibu zaidi. Dakika 5, pumzika, mara 3 kwa siku, kodi za nyuzi wazi tu. Kodi za kubana kidole kizima zisubiri za mwisho. Kipimo ni asubuhi ya pili: mkono ukiamka mgumu kuliko jana, rudi kwenye dakika za juzi.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Nimekatika kano ya kidole cha pete, vingine vizima. Yule mpiga gitaa wa jazz, Django Reinhardt, alipiga kwa vidole viwili, mimi nishindwe na vitatu?*

Marahaba. Django aliungua mkono mwaka 1928, akapona kwanza, ndipo akatengeneza mtindo wa vidole vilivyobaki. Hakupiga juu ya kidonda. Na kano za kukunja vidole vya kati, pete na kidogo hutoka kwenye msuli mmoja: ukikaza cha kati, cha pete nacho huvutwa. Mpaka mtaalamu wa mazoezi ya viungo aseme, vyote vitatu vimepumzika.

*Sugu za vidoleni zitaisha? Kuna anayeniambia nipake spiriti.*

Zitalainika, ndiyo. Zitarudi kwa wiki 2 hadi 4 za kupiga kidogo kila siku. Spiriti hukausha ngozi ikapasuka, na ufa kwenye ncha ya kidole utakuchelewesha kuliko ulaini.

*Mimi sijaanguka wala kugonga kitu, ila usiku gumba na vidole viwili vinakufa ganzi. Niendelee na hatua ya 5?*

Hapana. Ganzi ya gumba, shahada na cha kati, hasa usiku, huashiria mshipa wa fahamu unaobanwa kwenye kifundo. Nenda hospitali wiki hii. Wakati huo lala kifundo kikiwa kimenyooka, na usishike simu mkono ukiwa umekunjwa. Hatua ya 2 na ya 6 unaweza kuendelea nazo.

*Bendi wananiambia nishike tumba mpaka nipone, mkono mmoja tu. Inafaa?*

Tumba hapana, mtikisiko hupanda mpaka bega na mkono mgonjwa hujikaza kukusawazisha. Hata kayamba inataka mikono miwili. Waombe wakupe sauti ya pili, na uwe mwenye karatasi ya kodi: andika kila wimbo kwa namba 1, 4, 5 badala ya C, F, G, ili mwimbaji akisema ufunguo uko juu, bendi ihame bila kuandika upya.

*Nina mtoto wa miaka 11 kavunjika mkono, ndiyo kwanza ameanza gitaa. Hatua hizi si nyingi mno kwake, kaka?*

Ni nyingi, dada. Mpe ya 3 na ya 4 tu, dakika 10 kila moja, na umpigie klave kwenye meza naye aimbe. Mifupa ya watoto huunga haraka kuliko ya watu wazima. Hogo likitoka, mwache kwanza ashike vitu vya kawaida, kikombe, kalamu, kisha gitaa.