Pinot Noir ya Sonoma Coast: Majani Huondolewa Juni, Si Agosti

Ikifika wiki ya mwisho ya Agosti, ukipita kwenye mashamba ya Sonoma Coast huko California, yanayolima Pinot Noir, aina ya zabibu za mvinyo mwekundu, utaona safu zilizovuliwa majani pande zote mbili, vichala vikiwa nje mithili ya taa. Sababu inajulikana. Ukungu wa bahari umekaa mpaka saa tano asubuhi, zabibu hazikauki, mkulima anaogopa uozo wa kijivu, basi anaita vibarua wanyofoe majani. Baada ya siku chache upepo unageuka, unavuma kutoka bara, ukungu unatoweka, na zabibu zilizokaa kivulini tangu Juni zinaunguzwa na jua kwa mchana mmoja.

Kupogoa, kufunga matawi kwenye waya na kupiga salfa mnakujua, sitavigusa. Kosa ni hili la majani, na linakula tani nzima nzima kila msimu wa joto kali.

Uozo wa kijivu unaletwa na kuvu aitwaye Botrytis cinerea, na pwani hii ni kama imetengenezwa kwa ajili yake. Upepo wa kaskazini-magharibi husukuma maji ya juu ya Pasifiki mbali na ufuko, maji baridi ya kina hupanda kushika nafasi, na hewa yenye unyevu inayopita juu yake hugeuka ukungu. Ubaridi huo ndio unaoipa Pinot Noir ya hapa uchachu na harufu ambavyo wanunuzi wanavilipia. Lakini kichala cha Pinot ni kidogo na kimebana, punje zina ngozi nyembamba, na ndani yake hubaki masalia ya maua. Kuvu huingia wakati wa maua, hujilaza kimya ndani ya punje changa, kisha huamka sukari inapopanda. Kuondoa majani Agosti ni kufunga mlango mwizi akiwa amekwisha kuingia.

Mwaka 1987 Gubler na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba kuondoa majani yanayozunguka vichala mara baada ya maua hupunguza uozo huo. Upepo unapita, masalia ya maua yanapeperushwa, dawa inafika inakotakiwa. Ni zaidi ya miaka 35 sasa, na bado kuna watu wanangoja Agosti.

Sasa muda. Anza maua yanapomaliza kuanguka na punje kuanza kutunga. Maliza kabla punje haijafikia milimita 7, yaani ukubwa wa njegere. Kwa mashamba mengi ya hapa hiyo ni Juni hadi siku za mwanzo za Julai, lakini usiniletee kalenda: chukua rula, pima punje kumi kutoka vichala tofauti, za juu ya kilima na za bondeni. Punje changa ikiona jua mapema, ngozi yake hujenga nta na kemikali za kujikinga. Iliyolelewa kivulini haina kinga hiyo, na ukiifunua ikiwa imeshaanza kubadilika rangi, umeitoa uchi.

Punje iliyo juani inaweza kuwa na joto la nyuzi 10 au zaidi juu ya hewa inayoizunguka, na ikipita takriban nyuzi 35 utengenezaji wa rangi hudorora. Cabernet Sauvignon, aina nyingine ya zabibu nyekundu, ina rangi ya akiba. Pinot haina. Msisahau kwamba tarehe 1 Septemba 2017 San Francisco, mji wa ukungu, ilifika nyuzi 41, na mwanzoni mwa Septemba 2022 joto kali likakaa California zaidi ya wiki nzima. Mtu anayevua majani siku kumi kabla ya Septemba anacheza kamari na mkopo wa benki.

Upande: ule wa jua la asubuhi tu. Safu zikielekea kaskazini na kusini, ondoa mashariki. Zikielekea mashariki na magharibi, ondoa kaskazini, kwa sababu hapa jua la mchana hupita kusini mwaka mzima. Aliyejifunza mizabibu Dodoma, ambako jua hubadilisha upande na mavuno ni mara mbili kwa mwaka, aiache desturi hiyo nyumbani. Piga rangi kwenye nguzo ya kwanza ya kila safu, upande wa kazi, maana vibarua wakifika alfajiri gizani hawatakumbuka uliyowaambia jana.

Kiasi: majani matatu kwa kila tawi, lililo chini ya kichala, linalokitazama na linalokiziba, pamoja na vichipukizi vya ubavuni vilivyojazana hapo. Kisha pima. Chukua fimbo nyembamba, ipenyeze kwenye usawa wa vichala mara 50 bila kuchagua mahali. Ikipita bila kugusa kitu mara 10 hadi 20, acha. Chini ya 10, bado kumeziba. Zaidi ya 20, umezidisha, na majani hayarudishwi. Kukadiria kwa macho ndiko kulikotufikisha hapa.

Mashamba hayafanani. Fort Ross-Seaview, iliyotambuliwa rasmi kama eneo la mizabibu mwaka 2012, sehemu kubwa iko juu ya mita 280, yaani juu ya ukungu. Huko ondoa vichipukizi vya ubavuni tu, labda na jani moja. Petaluma Gap upepo wenyewe hukausha vichala, kwa hiyo punguza pia. Mabonde ya Freestone na Occidental ndiyo yanayohitaji majani matatu kamili, na kwenye upande wa jua la mchana unaweza kuondoa vichipukizi vya ndani, ila jani la nje libaki.

Ukifanya vizuri, vichala hukauka mapema na rangi huja sawasawa.

Kama umechelewa na zabibu zimeshabadilika rangi, weka mikono mfukoni. Toa majani ya manjano yaliyo ndani, kata kichala kimoja pale viwili vinapogusana, dondosha vilivyoanza kuoza na uvitoe shambani. Utabiri ukisema nyuzi 35 na zaidi kwa siku tatu mfululizo, mwagilia siku mbili kabla joto halijaanza, usikate ncha za matawi wiki hiyo, na umpigie mnunuzi simu mapema kujua kama kiwanda kitapokea zabibu zinazovunwa usiku.