Kutambua kwa vinasaba kifua kikuu cha ng'ombe kilichompata binadamu

Sampuli ya mgonjwa ikifika maabara, huwa na maswali mawili. Je, huyu ni Mycobacterium bovis, bakteria wa kifua kikuu (TB) cha ng'ombe? Na kama ndiye, anafanana na wa mifugo ipi? Usikimbilie la pili kabla ya kumaliza la kwanza. Kipimo cha GeneXpert kinakuambia tu kwamba bakteria wa jamii ya TB wamo. Hakitenganishi bovis na Mycobacterium tuberculosis, yule wa kawaida wa binadamu.

Hatua ya 1: Otesha. Gliserini humdumaza bovis, kwa hiyo tumia chupa mbili za Löwenstein-Jensen (chakula cha kuoteshea bakteria), moja ya gliserini na moja ya piruvati, na usizitupe kabla ya wiki 8. Usiombe makohozi peke yake. Aliyeambukizwa kwa maziwa mabichi mara nyingi huumwa tezi za shingo au tumbo.

Hatua ya 2: Toa DNA. Ua bakteria kwa joto ndani ya kabati la usalama, na hakikisha umewahi kuthibitisha kwa kuotesha upya kwamba njia yako inaua kweli.

Hatua ya 3: Pima kwa PCR (njia ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi) sehemu za jenomu, yaani DNA yote ya bakteria, ambazo baadhi yao wamezipoteza. Sehemu hizo huitwa RD na namba yake. RD9 ikiwepo, huyo si bovis. Ikikosekana lakini RD4 ipo, fikiria ndugu zake, africanum au caprae. Zikikosekana zote mbili, umebaki na bovis au BCG, yaani bakteria wa chanjo, ambaye hutumika pia kutibu saratani ya kibofu. Hapo pima RD1: bovis anayo, BCG hana. Chagua praima (vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha PCR) zinazokaa pande mbili za pengo, ili hata sehemu iliyopotea itoe mkanda wake kwenye jeli. Jeli tupu si jibu. Huenda PCR yenyewe imeshindwa.

Ukishathibitisha bovis, mpigie daktari simu siku hiyo hiyo. Karibu kila bovis ana badiliko kwenye jeni pncA linalomfanya asisikie pirazinamidi, na dawa hiyo imo kwenye matibabu ya kawaida. Mgonjwa asisubiri hatua zinazofuata.

Hatua ya 4: Spoligotaipu. Hapa tunaangalia vitenganishi 43, yaani vipande vifupi vya DNA vilivyo kati ya mfuatano unaojirudia, kipi kipo na kipi hakipo. Bovis kwa kawaida hana cha 3, cha 9, cha 16, wala cha 39 hadi 43. Andika 1 kwa kilichopo na 0 kwa kisichopo, gawanya tatu tatu, kisha geuza kila kundi kuwa tarakimu, nafasi zake zikiwa na thamani ya 4, 2 na 1: 110 ni 6, 111 ni 7, 011 ni 3. Kitenganishi cha 43 hubaki peke yake mwishoni. Asiye na vile nilivyotaja tu anatoka 676773777777600, ambaye kwenye hifadhidata ya Mbovis.org ni SB0120. Mchoro huo huo ndio wa BCG pia! Ndiyo maana sikubali RD1 irukwe.

Spoligotaipu huonyesha ukoo, haitaji zizi. Bakteria asiye na kitenganishi cha 3 hadi 7, kwa mfano, huashiria ukoo wa African 2 wa Afrika Mashariki. Lakini vitenganishi vinaweza kupotea kwa koo mbili zisizohusiana, na aina moja huenea kwenye mifugo mingi.

Hatua ya 5: Soma jenomu nzima. Linganisha na AF2122/97, jenomu ya rejea iliyochapishwa mwaka 2003, na uondoe jeni za PE/PPE zinazojirudia kabla ya kuhesabu tofauti za herufi moja moja za DNA. Wengi huchukulia tofauti zisizozidi 5 kuwa dalili ya maambukizi ya karibuni, na zaidi ya 12 kuwa si ya karibuni. Mipaka hiyo ilitokana na tuberculosis ya binadamu, basi itumie kwa tahadhari. Bovis hubadilika polepole, mara nyingi chini ya herufi 1 kwa mwaka, na mzee anaweza kuugua leo kwa maziwa aliyokunywa utotoni.

Hatua ya 6: Andika ripoti. "Anafanana na bakteria wa kundi hili la ng'ombe" ni sentensi sahihi. "Aliambukizwa na kundi hili" inahitaji pia historia ya mgonjwa: maziwa, machinjio, kazi ya mifugo, na watu anaoishi nao, kwa sababu mara chache bovis hupita kutoka mtu hadi mtu, na mfugaji naye anaweza kumwambukiza ng'ombe. Kisha gandisha bakteria wa mgonjwa na wa ng'ombe kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri, wakiwa na tarehe na eneo walikotoka. Mgonjwa atakayegundulika miaka kumi ijayo atalinganishwa na hao.