Umemaliza chuo, uko Dodoma, hujui uanzie wapi? Anza hivi
Kama umemaliza UDOM au CBE na bado upo geto Ng'ong'ona usikae unasubiri tangazo, omba nafasi ya intenshipu kupitia TaESA, yaani huduma ya ajira ya serikali, ukipata nenda hata kama siyo ofisi uliyoiota. Ukishaingia mtafute mtu mmoja mzoefu akushike mkono, muulize maswali bila aibu, halafu kila Ijumaa andika kwenye daftari kitu ulichofanya mwenyewe, mfano "nimeandaa ripoti ya stoo", maana hayo ndo utayasema kwenye intavyuu bila kutetemeka. Kujiamini kunatoka hapo jamani, siyo kwenye semina za kupigiana makofi. Ikifika miezi mitatu soma daftari lote, zile kazi zilizokusahaulisha hadi chai ndo uzifuate, kisha boresha wasifu wako kwenye Ajira Portal, tovuti ya kuombea kazi za serikali.