Namna ya Kucheza Afrika Korps

Mtu aliyezoea kucheza bao au dhumna katika baraza za Lamu hatapata taabu kubwa kuuelewa Afrika Korps, mchezo wa ubaoni unaoiga mapigano ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia huko Afrika Kaskazini, uliotolewa mwaka 1964 na kampuni ya Avalon Hill ya Marekani. Atahitaji wasaa wa kutosha na chumba kisichopenya upepo, kwa kuwa vipande vyake ni vya kadibodi nyepesi, na kusi ikivuma havikai mahali pake.

Ubao ni ramani ya Libya na Misri iliyogawanywa katika vyumba vya pembe sita. Mchezaji mmoja huongoza Wajerumani na Waitaliano walio chini ya Jenerali Rommel, naye ndiye anayeanza. Mwenzake huongoza majeshi ya Uingereza. Vita huanza Aprili 1941 na kukoma Oktoba 1942, na kila mwezi una zamu mbili. Katika zamu yako unasogeza vikosi vyako kwanza, kisha unapigana. Kikosi kikiingia chumba kinachopakana na adui hulazimika kusimama hapo na, kwa kawaida, kushambulia.

Ili kupigana, jumlisha nguvu za washambuliaji, uzigawanye kwa nguvu za anayejihami, na sehemu inayobaki iachwe, kwa faida ya anayejihami. Ndipo utupe dadu na kusoma matokeo kwenye jedwali. Kwa mfano, nguvu 7 dhidi ya 2 ni uwiano wa 3 kwa 1, ambao ni mzuri. Lakini adui huyohuyo akiwa juu ya magenge, yaani miinuko mikali ya ardhi, nguvu yake huongezeka maradufu na kuwa 4, na uwiano wako huporomoka hadi 1 kwa 1. Kwa hiyo itazame ardhi kabla ya kuhesabu askari.

Hata hivyo, kinachoamua mchezo huu hasa ni masurufu. Rommel hawezi kushambulia bila kipande cha masurufu karibu na vikosi vyake, na dadu ndiyo inayoamua kama shehena imevuka Bahari ya Mediterania au imezama. Kipande hicho kikishatumika huondolewa ubaoni, lakini kinaweza kuhudumia mashambulizi kadhaa ya zamu moja. Wanaoanza hukitumia kwa shambulio moja dogo, jambo ambalo kwa maoni yangu ni israfu. Ni afadhali kusubiri hadi vikosi vyote vikae tayari, kisha kupiga pande zote kwa pamoja. Masurufu yasiachwe nyuma bila ulinzi pia, kwa sababu adui anaweza kuyateka.

Muingereza naye asikimbilie mapigano ya mapema. Vikosi vipya humfikia kwa ratiba, hivyo ni bora aache kikosi dhaifu kwenye barabara ya pwani ili kumchelewesha adui, na aweke askari imara ndani ya Tobruk, mji wa bandari wa Libya, ambamo nguvu ya kujihami huongezwa maradufu.