Kuunganisha data za kamera za wanyama kutoka timu tofauti: kazi kubwa ni saa

Nimetoka kuwasaidia vijana wa timu tatu, za hifadhi za Ruaha, Udzungwa na Nyerere, waliotaka data za kamera zao (zile zinazotegwa porini zikapiga picha zenyewe mnyama akipita) zikae sehemu moja. Maswali huwa ni yaleyale, kwa hiyo nayaweka hapa na wengine wachukue.

Hatua ya 1: Data ghafi
Kila timu itume mafaili kama yalivyo, asisafishe mtu. Weka kwenye folda moja isiyoguswa, kazi zote zifanyike kwenye kopi. Na picha msifute hata kama hamjui ni mnyama gani, yule sengi wa Udzungwa (mnyama mdogo wa pua ndefu anayefanana na panya) alinaswa na kamera 2005 na jina la kisayansi akalipata 2008, angekuwepo mtu wa kufuta picha za "panya" leo tungekuwa hatuna habari naye.

Hatua ya 2: Majina
Shiti moja, kolamu mbili: jina walilotumia timu na jina la kisayansi. Huyu kaandika funo, yule paa, na mnyama ni mmoja. Kaeni na askari wa hifadhi wa siku nyingi mmalize.

Hatua ya 3: Saa
Hapa ndipo muda wote unapoishia, soma taratibu.

Kamera inahesabu saa 24, lakini fomu inayojazwa kwa mkono porini imejazwa na Mswahili. Ameandika "2:15" akimaanisha asubuhi, kompyuta inasoma saa nane na robo za usiku na haikuambii kitu. Sio kosa la aliyejaza, fomu ndiyo haikumuuliza! Kwa hiyo kabla ya skripti yoyote (maagizo unayoiandikia kompyuta) pigia simu kila timu uulize fomu zao zilijazwa vipi, na kama kulikuwa na kolamu ya asubuhi/jioni/usiku. Kama haikuwepo, "saa 11" inaweza kuwa 05:00 au 17:00, na wanyama wengi wanatembea nyakati zote hizo mbili, kwa hiyo kukisia hakufai kabisa. Rudi kwenye picha zenyewe, kama hakuna picha acha wazi.

Kubadilisha ni hivi: saa 1 asubuhi mpaka saa 12 jioni ongeza 6. Saa 1 mpaka 5 usiku ongeza 18. Saa 6 usiku ni 00:00. Saa 7 usiku mpaka 11 alfajiri toa 6, na saa 12 asubuhi ni 06:00. Saa zenyewe ni rahisi, tarehe ndio inaponza. Mtu akiandika "tarehe 14, saa 8 usiku" mara nyingi anamaanisha usiku ulioanza tarehe 14, wakati kamera inasoma tarehe 15, 02:00. Wengine lakini wanabadilisha tarehe saa sita usiku kama simu, so hilo nalo uliza timu kwa timu, usiwapakie wote kanuni moja.

Halafu kwenye R (programu ya kuchakata data) andika tz = "Africa/Dar_es_Salaam", yaani saa za Tanzania, kila sehemu unaposoma muda. Usipoandika, R inachukua saa za kompyuta iliyopo, mwenzenu akiendesha skripti hiyohiyo akiwa Italia mtapishana saa mbili, na majira yao ya joto saa moja.

Kuna na kamera ambazo saa yake imejirudisha mwanzo baada ya kubadilishwa betri. Dawa ni kupiga picha skrini ya GPS mbele ya kamera siku ya kuitega, ukijua tofauti unasogeza picha zote kwa amri ya timeShiftImages iliyo kwenye camtrapR, kifurushi cha R cha picha za kamera hizi.

Ukimaliza chora grafu ya saa kwa kanga na nungunungu peke yao, timu kwa timu. Kanga ni wa mchana, nungunungu ni wa usiku. Ukiona timu moja kanga wao wamejaa saa 20:00, rudi mwanzo wa hatua hii.

Hatua ya 4: Ramani
Ruaha ipo zoni 36 ya UTM (mfumo unaogawa dunia kwa zoni na kupima alama za mahali kwa mita), Udzungwa na Nyerere zoni 37, usizichanganye kwenye kolamu moja, geuza zote ziwe digrii za WGS84, mfumo unaotumiwa na GPS. Na uliza kama GPS ilikuwa imewekwa kwenye Arc 1960, mfumo wa zamani wa vipimo vya ramani, ramani zetu za zamani za karatasi zinatumia hiyo na alama inahama karibu mita 300.

Hatua ya 5: Kuunganisha
R, amri ya bind_rows ya kifurushi cha dplyr (inapanga majedwali moja chini ya jingine), basi. Excel mimi siitaki hapa, inageuza tarehe kimyakimya. Tarehe iandikwe 2023-04-03 na si vingine.

Hatua ya 6: Kabla ya kuweka hadharani
Vituo vilivyonasa kakakuona au faru, usitoe alama kamili za mahali, majangili wasije wakazitumia. Punguza desimali ibaki moja, hiyo ni kama kilomita 11, na faili lenye alama halisi libaki kwa mtu mmoja anayejulikana kwenye kila timu.