Somo: Kuchagua vilengeo vya chuma vya AR-15 kwa vipimo, si kwa sura

Somo hili ni la wenzetu mlioko Marekani, mnaomiliki AR-15 (bunduki ndefu ya kiraia inayofanana na M16 ya jeshi) kihalali na kulenga shabaha viwanjani. Sheria za silaha hutofautiana jimbo kwa jimbo, kwa hiyo jua za kwako kwanza.

Wengi hununua jozi ya vilengeo (cha mbele chenye kijiti, cha nyuma chenye tundu la kuchungulia kijiti hicho) kwa kuvutiwa na picha, kisha wakifika kiwanjani risasi hazikubali kushuka hata wakirekebisha mpaka mwisho. Karibu kila mara chanzo ni kimo: cha mbele na cha nyuma havikutengenezwa kukaa juu ya bunduki ya aina hiyo. Pima kwanza, nunua baadaye.

Hatua ya 1: Hakikisha bunduki ni tupu

Toa magazini, vuta bolti nyuma na uifunge hapo, tazama ndani ya chemba kwa macho, kisha papasa kwa kidole. Risasi zikae chumba kingine mpaka kazi iishe.

Hatua ya 2: Tambua kilengeo cha mbele kitakaa wapi

Hapa ndipo pa kutumia muda wako, maana kuna hali tatu zisizofanana.

Ya kwanza ni bunduki yenye mnara wa pembetatu uliopigwa pini kwenye mtutu. Huo tayari ni kilengeo cha mbele, unahitaji cha nyuma tu. Tafuta herufi F kwenye mnara. Bunduki zenye reli bapa juu (ukanda wenye mifereji wa kufungia vifaa) huhitaji mnara wa F, ambao uko juu zaidi ya ule wa zamani kwa inchi 0.040, yaani kama milimita 1. Milimita hiyo moja inatosha kukuharibia kila kitu.

Ya pili ni reli fupi iliyo juu ya bloku ya gesi, yaani kipande kilichofungwa kwenye mtutu kinachopitisha gesi ya kuendesha bunduki. Reli nyingi za namna hii ziko chini kidogo kuliko reli ya mwili wa bunduki. Laza rula iliyonyooka juu ya reli ya mwili, ifike mbele, utazame kama kuna mwanya. Ukiuona, nunua kilengeo cha mbele kilichoandikwa kuwa ni cha kimo cha bloku ya gesi. Ukinunua cha kimo cha kawaida, kijiti kitakuwa kifupi na risasi zitapiga juu.

Ya tatu, ambayo ndiyo nzuri kuliko zote, ni reli ndefu ya kifuniko cha mtutu iliyo sawasawa na reli ya mwili. Hapo jozi yoyote ya kimo cha kawaida itafaa, mradi kifuniko kimekazwa vizuri. Kikishike na ujaribu kukizungusha. Kikicheza hata kidogo, kaza kwanza. Vilengeo havitatulia juu ya kitu kisichotulia.

Hatua ya 3: Pima umbali kati ya vilengeo viwili

Bunduki yenye mtutu wa inchi 20 na mnara wake ina umbali wa kama milimita 502. Ile fupi ya karabini ina kama milimita 370. Kosa la milimita 0.2 katika kupanga kijiti ndani ya tundu litahamisha risasi sentimita 5.4 ukiwa mita 100 kwa milimita 370, lakini sentimita 4 kwa milimita 502. Kama una reli ndefu, weka cha mbele karibu na mwisho wake, na cha nyuma kabisa kabisa nyuma ya reli ya mwili.

Hatua ya 4: Chagua tundu na kijiti

Kilengeo cha nyuma cha kawaida cha A2 (muundo wa bunduki ya jeshi M16A2) kina matundu mawili: dogo la milimita 1.8 na kubwa la milimita 5. Dogo hukupa picha kali zaidi kwenye jua. Kubwa hukufaa jioni na kwa kulenga haraka. Angalizo: kwenye A2 ya asili matundu hayo hayako kwenye mstari mmoja, hivyo ukibadilisha tundu risasi nayo hubadili mahali. Kama utakuwa ukibadilisha mara kwa mara, tafuta yaliyotengenezwa kwenye mstari mmoja.

Kijiti cha A2 kina upana wa kama milimita 1.8. Kwenye karabini kitafunika kama sentimita 40 za shabaha ya mita 100. Kwa kulenga karatasi yenye duara dogo hicho ni kinene; cha milimita 1.3 hufunika kama 29. Ila kijiti chembamba hupotea machoni mwanga ukipungua. Kwa mtu anayeanza, ushauri wangu ni abaki na cha kawaida.

Hatua ya 5: Funga

Ingiza kilengeo kwenye mfereji wa reli, kisukume mbele mpaka kigote ukingoni, ndipo ukaze skrubu. Bunduki inaporudi nyuma kwa kishindo, kilengeo hutaka kubaki mbele. Kama uliacha nafasi, kitateleza kidogo kidogo na utadhani mkono wako ndio umeharibika. Kaza kwa kipimo cha mtengenezaji, tia tone la gundi ya skrubu ya buluu, uiache ikauke.

Hatua ya 6: Oanisha vilengeo na mahali risasi inapopiga, ukiwa yadi 50

Vaa miwani na vikinga masikio. Egemeza bunduki kwenye mfuko wa mchanga, piga risasi tano, pima kutoka katikati ya kundi. Kwenda juu na chini tumia kijiti. Kushoto na kulia tumia cha nyuma. Robo mzunguko wa kijiti cha A2 ni milimita 0.176 za kimo, ambazo kwa yadi 50 huhamisha risasi kama milimita 22 kwenye karabini na 16 kwenye bunduki ndefu.

Risasi zikipiga juu, pandisha kijiti. Mshale ulioandikwa UP (juu) karibu na kijiti huonyesha risasi itaelekea wapi, si kijiti. Ukiufuata, kijiti hushuka na risasi hupanda. Wengi hukwama hapa.

Maswali ya wanachama

Swali: Mkuu, nimefunga vilengeo vya plastiki, cha mbele kikiwa juu ya bloku ya gesi. Baada ya magazini kadhaa cha mbele kimelegea. Nikaze zaidi?

Jibu: Hapana, kitoe. Bloku ya gesi hupata joto kali na plastiki hulainika. Hapo panataka chuma, au uhamishie kwenye reli ya kifuniko.

Swali: Kijiti nimekipandisha karibu kitoke na bado napiga juu sentimita 10 kwa yadi 50. Mnara hauna F.

Jibu: Umejijibu mwenyewe, ndugu. Sentimita 10 kwa yadi 50 kwenye karabini ni upungufu wa milimita 0.8, karibu ile milimita 1 ya mnara wa F. Usibadilishe mnara kwa ajili hiyo. Kuna vijiti virefu zaidi kwa milimita 1 vinavyouzwa kwa tatizo hilo hilo.

Swali: Shikamoo mwalimu. Nina miaka 52, kijiti nakiona na ukungu. Niache vya chuma?

Jibu: Marahaba. Bado. Tumia tundu dogo kwanza, maana hunoa picha. Kisha mwombe daktari wa macho akuongezee +0.50 juu ya lenzi yako ya kuona mbali, kwa miwani ya kulengea tu. Kijiti kitakaa wazi na shabaha itafifia kidogo, na hivyo ndivyo inavyotakiwa: jicho likae kwenye kijiti.

Swali: Nina kilengeo cha nukta nyekundu tayari. Vya chuma nichague vya kukunja?

Jibu: Ndiyo, hasa cha nyuma. Angalia pia kimo cha nukta: ikiwa kama milimita 36 juu ya reli, kijiti na nukta vitakuwa mstari mmoja, ikiwa kama 40, kijiti kitaonekana sehemu ya chini ya kioo, ambako hakikusumbui. Binafsi napendelea 40.

Swali: Mimi nina WASR-10 (bunduki ya aina ya AK), si AR. Naweza kuweka tundu badala ya ule mfereji wa kulengea wa nyuma?

Jibu: Mahali pake pa asili hapafai sana, dada, kwa sababu pako mbali na jicho, na tundu hufanya kazi likiwa karibu. Utahitaji kifuniko cha juu chenye bawaba kinachobeba reli, si kile cha asili, ambacho hucheza. Ukibaki na vya asili, umbali kati yake ni milimita 378, hivyo kila milimita 1 unayosogeza cha mbele ni sentimita 26 kwa mita 100. Sogeza kwa kifaa chake maalumu cha kubana, nusu milimita kwa nusu milimita, na upige alama ya kalamu kabla hujagusa.