Karatasi za kibali cha kazi nje ya nchi: gonga muhuri kwanza, tafsiri baadaye

Mdogo wangu amepata kibali chake cha kazi baada ya kurudia karatasi zilezile mara mbili. Hizi ndizo hatua tulizopitia.

Hatua ya 1: Tofautisha viza na kibali. Viza inakuvusha mpaka. Kibali ndicho kinachokuruhusu kufanya kazi, na mara nyingi huombwa na mwajiri, nacho hukuruhusu kumfanyia kazi yeye tu. Usikubali kusafiri kwa viza ya utalii eti "mengine tutamalizia huku".

Hatua ya 2: Pasipoti. Nchi nyingi hutaka iwe imebakiza angalau miezi 6.

Hatua ya 3: Kuthibitisha vyeti. Hapa ndipo tulipokwama.

Kwa Mkataba wa The Hague wa 5 Oktoba 1961, cheti kinahitaji uthibitisho mmoja tu, apostili (muhuri rasmi unaotambuliwa na nchi za mkataba huo), mradi nchi iliyokitoa na nchi unakokwenda zote ziwe ndani ya mkataba. La sivyo, kwa kawaida utapitia wizara ya mambo ya nje ya nchi iliyotoa cheti, kisha ubalozi wa unakokwenda. Orodha ya wanachama hubadilika: China iliingia rasmi tarehe 7 Novemba 2023, Kanada 11 Januari 2024. Maelekezo ya zamani yatakupoteza.

Apostili hutolewa na nchi kilikotoka cheti, hata kama unaishi kwingine. Nayo huthibitisha sahihi na muhuri, haisemi kama yaliyoandikwa ni kweli, kwa hiyo unaweza bado kudaiwa tathmini ya elimu, yaani cheti chako kilinganishwe na vya huko.

Sisi tulitafsiri kwanza, ndipo tukagonga muhuri. Karani akageuza diploma, akaweka kidole kwenye muhuri wa nyuma, akauliza, "Tafsiri ya huu iko wapi?" Tukaanza upya. Gonga muhuri kwanza, kisha mtafsiri aliyeidhinishwa atafsiri vyote pamoja. Zipo ofisi zinazotaka tafsiri nayo ithibitishwe; waulize kwa barua pepe, jibu liwe la maandishi. Na tafadhali usichomoe pini ili utoe kopi, maana karatasi zilizotenganishwa zinaweza kukataliwa.

Linganisha majina herufi kwa herufi kabla ya muhuri wowote. Cheti chake cha kuzaliwa kilikuwa na majina matatu, pasipoti mawili. Ilibidi tule kiapo kwa maandishi kwamba ni mtu yuleyule.

Hatua ya 4: Wakala. Mimi napendelea mtu ashike faili lake mwenyewe. Ukimtumia, jua kwamba Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1997, kimsingi unakataza wakala binafsi wa ajira kumtoza mfanyakazi ada. Asibaki na pasipoti yako.

Hatua ya 5: Wasilisha, tunza risiti.